Likirimba na Sanduku la Funguo Tatu: Jinsi Jamaa za Salamabila Zinavyosaidiana kwa Makuta



Vijana wetu wakisikia neno AVEC, wanafikiri ni kitu kilichoshuka kwenye gari la ONG pamoja na mabango na kofia. Siku moja niliuliza wanafunzi wangu wa mwaka wa sita: nani alileta kwetu desturi ya kuweka makuta pamoja? Walijibu karibu wote kwa sauti moja: "Wazungu, Mwalimu!" Nilicheka mbele yao, lakini usiku sikulala vizuri. Juu ya nini? Mtoto akiamini kwamba hata kusaidiana tulifundishwa na mgeni, siku mgeni akienda atafikiri na kusaidiana kumekwisha. Na sisi watu wa Salamabila tunajua vizuri kwamba mgeni anaenda.

Ndiyo maana nilikubali kuandika kurasa hizi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, si mtu wa benki. Tena kwa miaka kadhaa nimekuwa mwandishi wa kundi moja la wamama wenye sanduku, kwa hiyo mengine nitakayosema niliyaona kwa macho yangu.

Wazee wetu Wabangubangu, na jirani zao Wabuyu, Wazimba na Wakusu, hawakuwa na benki, lakini deni walilijua. Deni la kwanza lilikuwa la jembe. Mvua zikikaribia, watu kumi au kumi na tano wanaenda kulima shamba la mmoja wao. Mwenye shamba anapika ugali na kutafuta pombe. Kesho wanahamia kwa mwingine, mpaka wote wamalizike, kisha wanaanza tena kwa kupanda na kwa kuvuna. Mtu aliyelimiwa halafu asiende kulima kwa wenzake hakupelekwa barazani. Aliachwa tu. Mwaka ule uliofuata alijikuta peke yake na pori lake, na mke wake alisikia maneno kwenye maji. Mjane hakuondolewa kwenye zamu: kijana wa ukoo wake alienda kwa niaba yake, au yeye alipika siku mbili badala ya moja. Hiyo hesabu haikuandikwa popote na haikupotea.

Deni la pili lilikuwa la matanga na la mahari, ambalo mpaka leo liko. Sitasema mengi juu yake kwa sababu kila msomaji analijua, tena wengine tunalijua kupita kiasi.

Na soko. Watu wa Kasongo wanajua Nyangwe, pale ukingoni mwa Lualaba. David Livingstone alikaa pale mwaka 1871, akaandika juu ya soko lile: watu kama 1,500 siku ya soko, wengi wao wanawake, na samaki, na vyungu, na mafuta ya ngazi, na chumvi. Aliandika pia kwamba hata vijiji vikiwa vitani, wanawake waliokuwa wakienda sokoni hawakuguswa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya soko, na mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Tunafundisha habari hii shuleni kama habari ya biashara ya watumwa, na ni kweli. Lakini mimi nasoma ndani yake jambo jingine pia. Wamama wale walikuwa na utaratibu wao wa kukopeshana na kuaminiana siku kwa siku, na utaratibu ule haukuuliwa na umaskini. Uliuliwa na mtu aliyewazuia kukutana. Tutarudi hapo.

Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ilianguka mikononi mwa askari wa Leopold, na mwaka uliofuata Kabambare pia. Kodi ikaja, na kodi haikubali kulipwa kwa jembe. Inataka franga. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliamuru kilimo cha lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kupandishwa pamba kwa nguvu. Jamaa ililima pamba, ikaibeba mpaka mahali pa mizani, ikapewa franga chache, na sehemu kubwa ya franga hizo ikarudi serikalini kama kodi. Babu yangu alisema kwamba pamba ilikuwa kilimo cha kuchoka na kubaki na njaa, kwa sababu haipikwi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza jamaa maskini ya huku ilihitaji makuta kwa tarehe isiyoichagua, kwa mtu asiyeijua.

Ndipo likirimba ikapata kazi.

Neno lenyewe si letu. Ni likelemba ya Kilingala, lugha iliyopanda mto pamoja na askari, wafanyakazi wa mashua na watu wa kambi za kazi. Sisi tukaligeuza kwa ulimi wetu, wengine wanasema kirimba, na wenye Kifaransa kingi wanasema risturni. (Watu wanaobishana kama mji wetu ni Salamabila au Saramabila, kama zone ya afya inavyoandikwa, watanielewa.) Neno ni la safari, lakini jambo lilikuwa lile lile la jembe: badala ya siku ya kulima, mtu anatoa franga, na badala ya shamba lake kulimwa, anapokea mfuko wote siku ya zamu yake.

Nieleze kwa hesabu, kwa ajili ya kijana ambaye hajaingia. Katika shule yetu tuko walimu kumi kwenye likirimba. Kila mwezi kila mmoja anatoa 10,000 FC. Zinakuwa 100,000 FC, na mmoja "anakula". Baada ya miezi kumi kila mmoja ametoa 100,000 na amekula 100,000. Mtu wa nje anaweza kuuliza: sasa faida iko wapi? Faida iko hapa: kwa 10,000 za mwezi huwezi kununua mabati, utakula tu vidogo vidogo mpaka ziishe. Kwa 100,000 za siku moja, mtu ananunua mabati kadhaa, au analipa deni la hospitali, au anamtuma mke wake Kasongo na mtaji wa kurudi na chumvi na sabuni. Yule anayekula wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila intere. Yule anayekula wa mwisho ameweka akiba tu. Kwa hiyo ugomvi wote wa likirimba uko kwenye mpangilio wa zamu. Sisi tunapiga kura, lakini mwenye mgonjwa anaruhusiwa kuomba kubadilishana.

Sheria moja tu inaitegemeza: haya. Hakuna karatasi ya serikali, hakuna rehani. Tulikuwa na mwenzetu aliyekula zamu ya pili, kisha akahamia mbali na hakutuma tena hata franga moja. Jina lake silisemi. Lakini mdogo wake bado anafundisha hapa, na nadhani yeye ndiye aliyelipa deni lile kwa uso wake, kwa sababu kila mwezi siku ya likirimba alikuwa anatoka chumba cha walimu mapema. Mwishoni alikuja mwenyewe akaanza kulipa kidogo kidogo, bila mtu kumwomba.

Likirimba ina udhaifu mkubwa, na historia ya nchi yetu iliuonyesha. Haina kinga juu ya makuta yenyewe. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alisimulia mara nyingi Noeli ya mwaka 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena, na watu wapewa siku chache za kuzibadilisha kwenye benki. Kwenye benki! Mtu wa Kabambare aende benki gani, kwa miguu gani, kwa siku ngapi? Wakulima waliokuwa wameuza mpunga wao, waliokuwa wameficha noti ndani ya kibuyu au chini ya kitanda, walibaki na karatasi. Baba alisema watoto walizichezea.

Halafu miaka ya 1990. Mwaka 1991 huko Kinshasa watu walikimbilia mchezo wa Bindo, uliowaahidi makuta yao yatazaa mara nyingi kwa muda mfupi, ukaanguka mwaka ule ule na akiba za watu wengi ndani yake. Tarehe 22 Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya: zaire 3,000,000 za zamani kwa zaire 1 mpya. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya 20,000 kwa mia. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka vizuri jinsi likirimba ya mama yangu ilivyobadilika. Kabla walikuwa wanatoa makuta. Ikaonekana wa kwanza anakula mbuzi na wa mwisho anakula kiberiti, ingawa wametoa hesabu moja. Basi wakaacha makuta. Kila mmoja akaleta kitu: kipimo cha chumvi, kipande cha sabuni, baadaye sahani na beseni. Nyumba yetu ilikuwa na mabeseni saba, na sisi hatukuwa na maji ya kujaza hata matatu. Kumbe yalikuwa akiba. Nilipoingia sekondari, mabeseni matano yalitoka nyumbani siku moja, na mimi nikapata karo na daftari.

Hakuna profesa wa uchumi aliyewafundisha wamama wale. Waliona shimo, wakalizunguka.

Vita ndiyo iliyowashinda. Kuanzia mwaka 1996, na zaidi baada ya mwaka 1998 wakati RCD ilipoichukua Kindu na sehemu kubwa ya Maniema, huku Mai-Mai wakishika pori, watu walilala msituni. Likirimba inataka watu kukutana mahali pamoja, siku ileile. Mtu ambaye hajui kama wiki ijayo atakuwa kijijini hawezi kuahidi zamu. Wengi wanasema vita ilikula mali yetu. Iko kweli. Lakini kabla ya mali ilikula ile Alhamisi, ile Jumapili, ile siku ya kukutana, kama kule Nyangwe. Baada ya hapo hata aliyekuwa na makuta hakuwa na mtu wa kuyaweka naye.

Baada ya mwaka 2003 amani ikaanza kurudi vipande vipande, na ma-ONG yakaja. Programu inayokumbukwa zaidi ni Tuungane, iliyoanza mwaka 2007 kwa makuta ya Uingereza, ikiongozwa na IRC na CARE, katika Maniema, Kivu ya Kusini na Katanga. Vijiji vilichagua kamati kwa kura, wanawake pamoja na wanaume, kisha vikachagua vyenyewe kazi ya kufanya: madarasa, kituo cha afya, maji, njia. Watafiti wa chuo kikuu walifuata programu hii, na matokeo yao ya mwaka 2012 yanastahili kujulikana hapa kwetu. Ili kupima kama mafundisho yamebadilisha watu, walitoa dola 1,000 kwa kila kijiji katika vijiji 560, vingine vilivyopita Tuungane, vingine ambavyo havikupita. Wakaangalia jinsi kila kijiji kinavyogawa makuta yale. Hawakuona tofauti iliyo wazi.

Wengine wakisikia hivyo wanacheka, wanasema makuta ya Wazungu yalipotea. Mimi sicheki. Madarasa yaliyojengwa yanafundishiwa, na mtoto hanyeshewi. Lakini ningependa tusome matokeo yale kutoka upande wetu. Kijiji ambacho hakikufundishwa kitu kiliweza kukaa, kuzungumza na kugawa dola 1,000 sawa na kijiji kilichofundishwa. Kilijifunza wapi? Kwenye jembe, kwenye matanga, kwenye likirimba.

Sasa AVEC, maana yake chama cha kijiji cha akiba na mikopo. Haikuzaliwa Ulaya. Ilianzia Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, wakati watu wa CARE walipoanza kufanya kazi na wanawake wa Kihausa waliokuwa na likirimba yao wenyewe, wakaiongezea sheria chache na sanduku. Walijiita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Kutoka hapo ikaenea Afrika nzima, mpaka Zanzibar, mpaka kwetu. Ndugu zetu wa Tanzania wana VIKOBA, vilivyo ndugu wa karibu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "Wazungu, Mwalimu" apewe nusu ya alama: mbeba sanduku alitoka mbali, lakini kilichomo ni cha mama wa Kiafrika.

Kazi yake iko hivi. Watu 15 mpaka 25 wanaofahamiana wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia 1 mpaka 5. Katika kundi letu hisa ilikuwa 1,000 FC. Mwandishi anapiga muhuri kwenye kitabu kidogo, muhuri mmoja kwa hisa moja, ili hata asiyejua kusoma aone na kuhesabu. Pembeni kuna mfuko wa msaada wa ugonjwa na kifo, unaotolewa bila kurudishwa au bila intere. Makuta ya hisa yanakopeshwa kwa wanachama, mpaka mara tatu ya akiba ya mtu: mwenye 20,000 anaweza kuomba 60,000. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa wa nne. Baada ya miezi 9 mpaka 12 wanagawana kila kitu, wanaanza upya.

Tofauti na likirimba ni mbili. Ya kwanza, mtu hangoji zamu, anakopa siku ya shida. Ya pili ni intere, na hapo ndipo tulipata mgogoro.

Kasongo na Kabambare ni nchi yenye Waislamu wengi tangu siku za Waungwana. Katika kundi letu zaidi ya nusu ya wamama ni Waislamu. Mwezeshaji alipofika alituambia kila mkopo utarudi na tano kwa mia kila mwezi. Anayekopa 60,000 anarudisha 63,000. Mama mmoja mzee alisimama akauliza:

"Mwalimu, ile elfu tatu si riba?"

Mwezeshaji alijibu kwamba si riba, kwa sababu haiendi kwa tajiri. Inabaki ndani ya sanduku, na mwisho wa mwaka inarudi kwa wamama wenyewe. Jibu lilionekana zuri. Tukaenda kumwona shehe. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mama anayekopa mara tano kwa mwaka analipa mara tano. Mama asiyekopa hata mara moja analipa bure, lakini siku ya kugawana anakula pamoja naye. Ile elfu tatu imetoka kwa nani, imeenda kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Na tukiangalia daftari, aliyekopa sana ndiye alikuwa maskini zaidi.

Mimi si mwanachuoni, sitatoa hukumu ya dini. Ninasema tu yale waliyoyafanya. Wamama kadhaa walitoka. Waliobaki walikaa Alhamisi tatu mfululizo wakibishana, wakaweka njia mbili. Mkopo wa shida, yaani ugonjwa, karo, msiba, unarudi kama ulivyotoka. Kwa mtu anayetaka kufanya biashara, kundi lenyewe linanunua mali, kwa mfano gunia la chumvi, linamwuzia kwa bei waliyopatana, naye analipa polepole. Faida inaandikwa kabla, haiongezeki akichelewa. Shehe alisema hiyo ni biashara. Wamama watatu waliotoka walirudi. Mwezeshaji hakufurahi sana, kwa sababu fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika gunia la chumvi.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu naona ndani yake kazi yote ya desturi. Sheria iliyotoka nje ilipewa shida ya hapa, ikabadilishwa na watu wa hapa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wanaume hatupendi kulisema. Kwa nini wengi kwenye sanduku ni wanawake? Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, na ikatumika kumzuia mama kufungua akaunti au kusaini deni peke yake. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoondoa sharti lile. Kwa mama aliyeolewa, sanduku chini ya mwembe lilikuwa mahali pa kuweka makuta kwa jina lake mwenyewe. Nimesikia wanaume wakisema AVEC inafundisha wanawake kiburi. Wengi wao watoto wao wanasoma kwa makuta ya kiburi kile.

Tusijidanganye lakini. Sanduku haliwafikii wote. Anayelima kibarua ili ale jioni hana 1,000 ya Alhamisi. Mjane aliyekimbia kutoka Wamaza na kupanga chumba kimoja na watoto watano hajulikani na mtu, na kundi linachukua watu wanaojulikana. Katika deni la jembe mjane alikuwa na njia, kwa sababu kila mtu ana mikono. Katika deni la makuta, asiye nayo anabaki nje. Hapa naona tumepoteza kitu, na mfuko wa msaada hauzibi pengo, kwa kuwa ni wa wanachama tu. Kundi letu lilijaribu kumpokea mama mmoja wa namna hiyo kwa hisa ya siku ya kulima: yeye analima kwa mwanachama mwenye shamba, na mwanachama anamlipia hisa. Ilifanya kazi msimu mmoja.

Na dhahabu? Wasomaji wa Kindu na Kasongo wataniuliza, maana wanafikiri sisi tunaikanyaga. Dhahabu ya Namoya ilichimbwa tangu siku za Wabelgiji. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwezi wa Januari 2016, na vilima kama Mwendamboko, ambavyo wachimbaji wa mikono walikuwa wakivitegemea, vikawa ndani ya uzio. Mishahara ilikuja, maduka yalijaa, nyumba za kupanga zilipanda bei. Likirimba za wafanyakazi zilikuwa kubwa, mtu anakula dola, si franga. Kisha ugomvi, utekaji, malori kushambuliwa kwenye njia ya Lulimba. Mwezi wa Septemba 2019 kampuni ilisimamisha kazi, na mwaka 2020 mgodi ukauzwa. Likirimba za mishahara zilikatika katikati ya zamu. Waliokuwa wamekula walinyamaza, ambao hawajakula walilia. Wamama wa mihogo na mawese waliendelea na Alhamisi yao, kwa sababu mchango wao haukutegemea tarehe ya mshahara wa mtu mwingine.

Waliendelea mpaka bunduki zilipofika karibu.

Katika hali ya vita makundi mengi yalijifunza kwamba sanduku tupu ndilo salama. Makuta yote yanakopeshwa siku ileile, kila mmoja anaondoka na sehemu mwilini mwake, na mwizi akija anakuta vitabu na mihuri. Kila mwanachama anakariri hesabu ya jirani yake: mama huyu ana hisa arobaini, anadaiwa elfu thelathini. Mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23 na mabenki yakafunga milango, wafanyabiashara wetu waliokuwa na akaunti kule walibaki wakiangalia simu. Wakati huo niliwakumbuka wamama na hesabu zao za kichwani.

Lakini ile siku tuliyokimbia sisi, sanduku halikuwa tupu. Ilikuwa karibu na siku ya kugawana, mikopo mingi ilikuwa imesharudi. Mama mwenye kulitunza alilizika chini ya mafiga ya jiko, akamwaga majivu juu, akabeba mtoto. Mwenye ufunguo wa kwanza alikimbilia Kasongo. Wa pili alienda upande wa Lulimba. Wa tatu aliingia msituni na jamaa yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama yu hai. Mimi nilikuwa na daftari ndani ya shati.

Tuliporudi, jiko lilikuwa limeungua lakini majivu yalikuwa mahali pake. Tulichimba, sanduku likatoka. Funguo mbili zilikuwepo. Watu walikuwa na njaa, mabati yameibwa, mbegu hakuna. Fundi mmoja alisema atavunja kufuli ya tatu kwa nyundo moja tu, bure. Wamama walikaa chini ya mwembe wakazungumza, na yule mzee wa swali la riba akasema: "Tukivunja, akirudi tutamwambia nini?" Wakalizika tena, mahali pengine.

Walingoja miezi minne. Alirudi amekonda, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la kitenge. Alhamisi iliyofuata walifungua mbele ya wote. Unyevu ulikuwa umekula noti kadhaa za 500, zikapasuka mikononi tukizihesabu. Nyingine zilikuwa nzima. Nilisoma daftari, na kabla sijamaliza kila jina wamama walikuwa wameshataja hesabu. Hasara ya noti zilizooza waligawana sawasawa kwa hisa. Wakanunua mbegu za karanga na mpunga, mmoja akanunua chungu, mwingine akalipa deni la mazishi.

Wiki iliyofuata walianza upya. Hisa wakaiweka 500 badala ya 1,000, na mwenye ufunguo wa tatu akaombwa aushike tena.